Pikipiki: Leseni ni mwanzo, ujuzi ndio mtaji

MSIMU wa mavuno unapoingia katika mikoa ya Shinyanga na Geita, chombo cha kwanza kufika shambani si lori. Ni pikipiki. Ndiyo inayotoa mpunga majarubani Kahama na kuufikisha mashine ya kukoboa, ndiyo inayopeleka pamba kwenye kituo cha AMCOS, na ndiyo inayomfikisha mchuuzi wa dagaa, nyanya na vitenge mnadani. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kakola hadi Nyarugusu na Rwamgasa, pikipiki hiyo hiyo hubeba wachimbaji alfajiri, mafuta ya jenereta mchana na viroba vya mawe kuelekea kwenye makarasha jioni.

Kwa kaya nyingi za vijijini, pikipiki ni miongoni mwa mali za gharama kubwa kabisa, ikifuata ardhi, nyumba na mifugo. Wapo waliouza ng'ombe wawili au watatu ili kumnunulia kijana wao, na wapo wafanyabiashara wadogo waliokopa kwenye kikundi wakitegemea chombo kilipe deni chenyewe.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halimo katika hesabu za wengi, nalo ni ujuzi wa anayeiendesha. Fedha ya kununulia chombo hutafutwa, ya leseni hutafutwa, ya bima na kibali nayo hutafutwa. Mtihani ukishapita, kijana anakabidhiwa ufunguo na kesho yake anapakiwa gunia. Hoja ya makala haya ni kwamba hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Majuma ya mwanzo baada ya mtihani yanapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya mtaji, sawa na bei ya chombo chenyewe.

Tulikotoka

Wakazi wa Shinyanga na Kahama wanazikumbuka baiskeli za abiria ambazo huku zilijulikana kwa jina la daladala. Mwendesha baiskeli alianza kujifunza tangu utotoni, akichunga ng'ombe na kuchota maji. Alipoanza kubeba abiria kwa malipo, tayari alikuwa na miaka mingi juu ya chombo, na alipoanguka aghalabu aliumia goti tu.

Kuanzia miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China, na baadaye India, ziliingia nchini kwa wingi. Majina kama SanLG, Boxer na TVS yakawa ya kawaida hata kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mahitaji yalikuwa tayari yapo. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa, uchimbaji mdogo nao ulivuta maelfu ya vijana. Miji kama Katoro, Masumbwe na Kahama ilikua haraka kuliko barabara zake, na pikipiki ikafika pale ambapo basi haliwezi kufika.

Sheria ilikuja nyuma ya soko. Mwaka 2010 zilitungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, zilizoiweka bodaboda katika mfumo rasmi wa biashara ya kubeba abiria chini ya iliyokuwa SUMATRA. Mwaka 2019 LATRA ilichukua nafasi hiyo. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani, nao wakaongeza idadi ya wanaopita kila siku katika njia zetu za vijijini.

Ukizitazama hatua hizo kwa pamoja, utaona zimegusa chombo, kibali na faini. Ni hatua nzuri na zilihitajika. Lakini suala la nini kinatokea kati ya siku ya kupata leseni na siku ambayo dereva anakuwa mzoefu wa kweli limeachwa mikononi mwa dereva mwenyewe na mwenye pikipiki yake. Kwa hiyo ni hao wawili wanaopaswa kulifanyia hesabu.

Mtihani unapima nini?

Kwa taratibu zetu, mtu anayetaka kuendesha pikipiki hupita shule ya udereva, iwe VETA au shule binafsi. Kisha hupimwa na askari wa usalama barabarani, na leseni hutolewa na TRA. Katika mtihani mwombaji huonyesha kwamba anazijua alama za barabarani na kwamba anaweza kuwasha, kuondoka, kukata kona, kupishana na kusimama. Kwa kawaida hufanya hivyo mchana, mahali tambarare, pikipiki ikiwa tupu.

Hakuna ubaya katika hilo. Mtihani wa udereva duniani kote hupima kiwango cha chini cha kumruhusu mtu aingie barabarani. Tatizo ni pale tunapokichukua kiwango cha chini kuwa ndicho cha juu.

Linganisha uwanja wa mtihani na kazi halisi ya huku. Wasukuma wana majina ya udongo wao kwa sababu maisha yao yanautegemea. Luseni ni udongo wa mchanga, ambao kiangazi hugeuka kuwa mtego mlaini unaomeza tairi la mbele. Mbuga ni udongo mweusi mzito. Ukikauka hupasuka na kuacha nyufa, na ukilowa hunata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Mkulima anayejua kuusoma udongo kwa ajili ya mbegu anaweza kuusoma pia kwa ajili ya tairi, lakini hakuna mtihani utakaomuuliza swali hilo.

Kisha kuna mzigo. Gunia la kilo 100 na dereva wa kilo 65 ni jumla ya kilo 165, uzito unaozidi ule wa watu wazima wawili wa kawaida. Na abiria huinama pamoja na dereva kwenye kona, gunia haliinami. Kwa upande wa machimbo hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kiroba cha mawe huonekana kidogo kwa macho na uzito wake wote umekusanyika mahali pamoja.

Tatu, kuna barabara kuu. Njia ya Isaka, Kahama hadi Lusahunga hupitisha malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Lori la aina hiyo likikupita kwa kasi, upepo wake peke yake unatosha kuiyumbisha pikipiki yenye mzigo. Kwa upande wa Geita, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa ulazima wa kusubiri kivuko. Ni neema kubwa kwa biashara, ila dereva mgeni wa pikipiki ajue kwamba magari yanayokuja Sengerema na Geita hayaji tena kwa mafungu ya kivuko. Yanakuja wakati wowote.

Hesabu ya mchumi

Tuzungumze lugha ya fedha, maana ndiyo inayoeleweka haraka. Tuchukue mfano. Mwenye pikipiki amenunua chombo kwa shilingi milioni 3 na amempa kijana kwa mkataba, hesabu ikiwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi chombo kimejilipa, na baada ya hapo faida inaanza.

Sasa tuseme kijana anaanguka mwezi wa pili na kuvunjika mguu. Kwa kukadiria kwa unafuu, atakaa nje ya kazi siku 90. Hesabu isiyoletwa ni shilingi 900,000. Hapo hatujagusa gharama za hospitali, vipuri vya pikipiki wala nauli za ndugu kwenda kumwona Bugando ikibidi apewe rufaa. Na kama ajali imetokea mwezi wa kulima, kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi popote. Ni ekari ambazo hazikulimwa kwa sababu mwenye nguvu amelala kitandani na mama yuko hospitali akimuuguza.

Upande wa pili, tuseme mwenye pikipiki anampa kijana siku 10 za mazoezi bila kudai hesabu. Anapoteza shilingi 100,000. Kijana anaendesha kilomita 20 kila siku, jumla kilomita 200. Kwa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, hizo ni lita 5. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, mafuta ni shilingi 15,000. Gharama yote ya mazoezi ni shilingi 115,000.

Vijana wanane wakipewa mazoezi hayo, gharama yao wote ni shilingi 920,000. Maana yake ni kwamba ikiwa katika wanane hao ajali moja tu kama ile ya kwanza itaepukwa, karibu fedha yote imerudi kabla hujahesabu hospitali, vipuri wala shamba. Msomaji anaweza kubadili tarakimu hizi kulingana na bei za kwake. Naamini jibu litabaki kuegemea upande ule ule, kwa sababu gharama ya kujifunza inajulikana na ina mwisho, ilhali gharama ya kuvunjika haijulikani mwisho wake.

Mazoezi yaanze vipi?

Nchi nyingine zimelifanya suala hili kuwa sheria. Nchini Uingereza, kwa mfano, kijana wa miaka 17 anaweza kupata leseni ya pikipiki isiyozidi cc 125 tu, na hupanda kwenda kwenye pikipiki kubwa zaidi kwa ngazi, kadiri umri na uzoefu unavyoongezeka. Sisi hatuna haja ya kusubiri sheria kama hiyo. Tunaweza kuichukua hekima yake na kuitumia kwa mazingira yetu: hatua moja kwa wakati mmoja, na ugumu mmoja uongezwe baada ya mwingine kuzoeleka.

Hatua ya kwanza ni chombo kitupu, mahali pa wazi. Uwanja wa mpira wa kijiji asubuhi unatosha. Dereva mpya ajifunze kwenda polepole kabla ya kujifunza kwenda haraka. Anayeweza kuzunguka mti mmoja kwa mwendo wa mtu anayetembea, akiibania klachi nusu na bila kugusisha mguu chini, ndiye anayeimiliki pikipiki. Mwendo kasi huficha udhaifu mwingi, kwa sababu pikipiki inayokimbia hujisimamia yenyewe.

Hapo hapo ajifunze breki. Madereva wengi huiogopa breki ya mbele kwa sababu waliambiwa itawapindua. Kwenye barabara ngumu na kavu, uzito wa pikipiki huhamia mbele unapofunga breki, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Siri ni kuibana taratibu kama mtu anayekamua ng'ombe, si kuinyakua, huku ya nyuma ikisaidia na usukani ukiwa umenyooka. Kwenye mchanga na tope mambo hubadilika. Hapo breki ya mbele ikikazwa hulaza chombo mara moja, na ni afadhali kupunguza mwendo mapema kwa gia na breki ya nyuma. Tofauti hiyo haisomwi kitabuni, mwili ndio unaojifunza, na unahitaji kurudia mara nyingi.

Aidha, dereva aelewe hesabu ya mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata takriban mita 17 kila sekunde. Hiyo ndiyo sekunde anayoitumia kuona mbuzi na kufikiri kwamba ni mbuzi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi si tamko la kumwonea mtu.

Hatua ya pili ni njia halisi, bado bila mzigo. Aipite ile njia ya shambani hadi mashineni akiwa peke yake, mchana, mara nyingi hadi aijue kila kalavati na kila shimo. Kwenye luseni ashushe gia, asikate mafuta ghafla, ashike usukani bila kuukaba na atazame mbele anakotaka kwenda. Akilikazia macho shimo, ataingia shimoni. Mikono hufuata macho.

Kwenye mbuga iliyolowa somo kubwa ni subira. Mvua za huku huja kwa kishindo na jua hufuata. Mara nyingi kusubiri saa mbili tatu hadi uso wa njia ukauke ni bei ndogo kuliko kuisukuma pikipiki kilomita tano. Na korongo lililojaa maji halivukwi kwa pikipiki, hata kama mwenzako amevuka jana. Maji ya jana si ya leo, na shimo lililochimbwa usiku halionekani.

Hatua ya tatu ni mzigo, nao uongezwe kidogo kidogo. Aanze na debe moja, siku zinazofuata nusu gunia, kisha zaidi, bila kuvuka uzito ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki. Mzigo ukae chini kadiri inavyowezekana na karibu na dereva, pande zote zilingane, na kamba zikaguliwe baada ya kilomita chache kwa sababu gunia hushuka linapotikiswa. Upepo wa tairi la nyuma upimwe kabla ya safari. Baada ya kupakia, dereva ajaribu breki zake akiwa bado karibu na nyumbani, maana chombo alichokizoea kikiwa kitupu sasa ni chombo kingine.

Hatua ya nne ni abiria, na ya mwisho kabisa ni usiku. Abiria ni roho ya mtu, hana budi kuja baada ya gunia, si kabla. Usiku katika vijiji vyetu una mkokoteni wa ng'ombe usio na taa, una mifugo inayorudi kwa kuchelewa na una mlevi aliyelala njiani. Kanuni ni moja: usiende kwa mwendo unaozidi uwezo wa taa yako kuona. Kama taa inamulika hatua thelathini, ni lazima uweze kusimama ndani ya hatua hizo thelathini.

Ujasiri na kiburi

Wapo wanaopita mtihani na kubaki na hofu. Mikono inatetemeka wakilisikia lori nyuma, na wengine huiegesha pikipiki miezi sita. Hofu hiyo si aibu. Dawa yake ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara: dakika 30 kila siku zinafaa kuliko saa sita za Jumapili moja. Hili liwafikie hasa akina mama wafanyabiashara na maafisa ugani wa kike, ambao mara nyingi hukatishwa tamaa na maneno ya kijiweni kuliko na barabara yenyewe.

Lakini kwa mtazamo wangu, hatari kubwa haiko kwa mwenye hofu. Iko kwa yule ambaye hofu imemtoka na ujuzi haujamwingia. Kipindi hicho hufika mapema, pengine mwezi wa pili au wa tatu. Dereva ameshazoea klachi, ameshapata wateja, na hajaanguka bado, basi anadhani kutoanguka ni ushahidi wa ustadi. Tafiti za usalama barabarani katika nchi nyingi zinaonyesha kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye hatari zaidi kwa dereva mpya.

Ujasiri wa kweli una kipimo rahisi: je, dereva anaweza kukataa? Dereva aliyekomaa hukataa gunia la pili, hukataa mshikaki hata wateja wakimcheka, na humwambia tajiri wake kwamba njia ya leo haipitiki. Asiyeweza kusema hapana bado hajamaliza kujifunza, hata awe na leseni ya miaka kumi.

Mkataba nao ni mwalimu

Hapa ndipo mwenye mali anaingia. Kijana hawezi kukataa mzigo ikiwa mkataba unamlazimisha kuuchukua. Hesabu kamili ikidaiwa tangu siku ya kwanza, dereva mpya atakimbiza chombo usiku, atapakia mshikaki na atavuka korongo, kwa sababu ifikapo jioni shilingi 10,000 inatakiwa mkononi. Mwenye pikipiki atalalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wazembe, kumbe uzembe ameuandika yeye mwenyewe kwenye mkataba.

Pendekezo langu ni kwamba mkataba wa dereva mpya uwe na ngazi. Siku 10 za kwanza ziwe za mazoezi bila hesabu. Mwezi unaofuata iwe nusu hesabu, bila safari za usiku na kwa mzigo wenye kikomo. Baada ya hapo hesabu kamili ianze, na siku zilizosamehewa ziongezwe mwishoni mwa mkataba ili mwenye mali asipoteze. Kwa njia hiyo hakuna anayemfadhili mwenzake. Kinachobadilika ni tarehe tu.

Wanunuzi wa mazao na wenye makarasha nao wana sehemu yao. Anayelipa kwa kila safari anamwambia dereva apakie kwa kiasi na arudi tena. Anayelipa kwa jumla ya mzigo uliobebwa mara moja anamwambia arundike. AMCOS zinaweza kutumia siku moja kabla ya msimu wa pamba kuwakutanisha madereva wapya na wazoefu wawili watatu wa kijiji, wakafundishana kufunga mzigo na kupita kwenye mchanga. Gharama yake ni chai na lita chache za mafuta.

Vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, vingefanya vizuri kuandika mafunzo baada ya leseni ndani ya andiko la mradi. Mkopo wa pikipiki kumi bila fungu la mazoezi ni sawa na mkopo wa matrekta bila dereva.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba kazi hujifunzwa kazini, na kwamba kuna mzee fulani ameendesha miaka 15 bila leseni wala mazoezi na hajapata hata mchubuko. Ni kweli wapo. Lakini tunaowaona kijiweni ni waliobaki. Walioumia na kuacha hawapo kijiweni kutusimulia. Mkulima hawezi kuamua mbegu kwa kutazama mashina yaliyoota tu bila kuhesabu mashimo yaliyobaki matupu.

Wengine watasema bima ipo. Ni vizuri tuelewane hapa. Bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wanayo, hushughulikia madhara unayomsababishia mtu mwingine. Mguu wako mwenyewe haumo, na pikipiki yako haimo. Kofia ngumu nayo ina kazi yake. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni faida kubwa kwa kifaa cha bei ndogo, mradi kifungwe kidevuni na kisitundikwe kwenye kioo. Hata hivyo, kofia hukusaidia ukishaanguka. Ujuzi hufanya kazi kabla hujaanguka.

Wapo pia watakaosema barabara zirekebishwe kwanza. Hakuna anayepinga. TARURA iliundwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na wananchi wana haki ya kuidai kazi yake. Lakini njia ya kwenda jaruba lako haitawekwa lami msimu huu, na mpunga uko tayari kuvunwa.

Tufanye nini sasa?

Mwenye pikipiki, kabla hujamkabidhi kijana ufunguo, mpeleke uwanjani umwone akizunguka mti polepole na kusimama kwa ghafla. Mwulize angepitaje mbugani baada ya mvua. Ukiona anasitasita, mwongeze siku. Dereva mpya, tafuta mzoefu mmoja unayemheshimu, mwombe akutangulie siku chache njiani na akukosoe bila kukuonea haya. Mnunuzi na mwenye karasha, punguza mzigo wa dereva mgeni hata kama kazi ni nyingi.

Mkulima wa ukanda huu hamwagi mbegu zote shambani kwa mvua ya kwanza. Husubiri, hupima unyevu kwa mkono, hupanda kidogo, kisha akaongeza mvua zikikaza. Anafanya hivyo kwa sababu mbegu ni ghali na mwaka ni mmoja. Dereva wa pikipiki ni ghali kuliko mbegu. Leseni yake ni mvua ya kwanza tu.